ULIZO LA MUTOTO NI CHOMBO CHA KAZI

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi wa shule ya uuguzi na wauguzi wa vituo vya afya, Bukama



Neno la leo ni dogo, lakini lina kazi nyingi ndani yake. Nataka tuseme juu ya maulizo. Nataka tuseme juu ya ile hamu ya kujua ambayo kila mutoto anazaliwa nayo, na ambayo wengi kati yetu, tukisha kuvaa koti nyeupe, tunaiacha mulangoni. Musifikiri ni hadisi ya kupitisha wakati. Hapa kwetu Bukama kuna ugonjwa unaoweza kuua mutu muzima katika masaa machache, na hatuwezi kuukamata kama hatujui kuuliza. Mutasikia.

1. MUTOTO ANAFANYA NINI?

Angalieni mutoto wa miaka mine ao mitano. Mupeleke kwenye gare siku treni inafika. Atauliza: "Mama, juu ya nini gurudumu si la mpira? Treni inalala wapi? Nani anaionyesha njia?" Mupeleke kando ya Lualaba. Atauliza: "Maji haya yanatoka wapi? Yanaenda wapi? Juu ya nini mutumbwi hauzami, na jiwe dogo linazama?" Ukijibu ulizo moja, analeta tatu. Haoni haya. Hafikiri kwamba watu watamuona mujinga. Anaangalia, anagusa, anauliza, anajaribu, kisha anauliza tena. Ni kwa njia hiyo amejifunza luga ya mama yake bila kaye wala biki.

Sasa angalieni sisi wakubwa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anauliza. Wa mwaka wa pili anauliza kidogo. Wa mwaka wa tatu amekwisha kunyamaza. Akifanya kazi miaka kumi, ukimuuliza, "Juu ya nini tunafanya namna hii?" anakujibu: "Sisi tunafanya hivi sikuzote." Wapendwa, muogope neno hilo, sikuzote. Mutu akianza kujibu hivyo, amekwisha kuacha kujifunza, hata kama bado anapokea mushahara.

Juu ya nini tunaacha? Sababu ni nyingi. Nyumbani mutoto akiuliza sana tunamuambia: "Nyamaza, usisumbue wakubwa." Shuleni anayeuliza anachekwa na wenzake. Kazini mukubwa mwingine anasikia ulizo kama matukano: anafikiri tunapima akili yake. Tena kuna kuchoka. Muuguzi mumoja usiku, vitanda vimejaa, na wengine wamelala chini. Nani ana nguvu ya kuuliza? Hii ya mwisho si zambi. Lakini ulizo halina uzito wa kubeba. Mara nyingi ni neno moja tu: Wapi? Lini? Nani? Juu ya nini?

Musomapo Injili ya Luka, sura ya 2, mutaona Bwana Yesu ana miaka kumi na miwili. Wazazi wanamutafuta siku tatu. Wanamukuta hekaluni katikati ya walimu, anawasikiliza na kuwauliza. Yeye Mwana wa Mungu hakuona haya kuuliza. Kisha, alipokuwa mukubwa, aliweka mutoto katikati ya wanafunzi wake awe mufano kwao. Tunasema kila mara kwamba hapo alifundisha unyenyekevu, na ni kweli. Lakini unyenyekevu ndio mwanzo wa ulizo. Anayeuliza anakubali mbele ya watu kwamba hajui. Mwenye kiburi hawezi.

2. KOLERA, NA MUTU ALIYEULIZA "WAPI?"

Tuanze na ugonjwa tunaoujua. Zone ya afya ya Bukama inahesabiwa kati ya zone za inchi yetu ambamo kolera inarudi mara kwa mara, pamoja na ndugu zetu wa Kinkondja, Mulongo na Malemba-Nkulu. Sisi sote tunaishi na Lualaba na maziwa ya Upemba. Tunavua samaki humo, tunasafiri humo, tunafua humo. Katika kambi nyingi za wavuvi watu wanakunywa maji yale yale wanayokwendea haja karibu nayo.

Kolera ikiingia, kila mutu ana jibu lake kabla ya kuuliza. Mumoja anasema ni upepo mubaya. Mwingine anasema ni ulozi, jirani ana wivu juu ya nyavu zake. Na sisi wauguzi pia tuna jibu letu la uvivu, tunasema: "Ni majira yake."

Muone, Wazungu nao walikuwa hivyo. Mwaka 1854, katika muji wa London, Uingereza, kolera iliingia katika mutaa mumoja unaoitwa Soho. Katika siku kumi hivi watu zaidi ya 500 walikufa. Waganga wakubwa wa siku zile walikuwa na jibu tayari: kolera inaletwa na harufu mbaya ya hewa. Hakuna aliyejua kijidudu chake.

Kulikuwa na muganga mumoja, John Snow, aliyeuliza kama mutoto. Alikwenda mulango kwa mulango, akauliza: "Munachota maji wapi?" Akaona wengi wa waliokufa walikuwa wakichota kwenye pampu moja ya mukono katika njia ya Broad Street. Ni neno zuri. Lakini hakuishia hapo. Aliuliza ulizo lingine ambalo wakubwa wanalisahau: "Nani HAKUGONJWA, na yeye anakunywa nini?"

Karibu na pampu ile kulikuwa nyumba kubwa ya maskini, watu 535 ndani. Kama hewa mbaya ndiyo inaua, wangekwisha wote. Walikufa watano tu. Juu ya nini? Nyumba ile ilikuwa na kisima chake. Katika njia ile ile kulikuwa kiwanda cha pombe. Wafanyakazi wake hawakufa na kolera, kwani walikunywa pombe ya kiwanda na maji ya kisima cha kiwanda. Musitoke hapa kusema mama mwalimu amesifu pombe! Si ulevi uliowaokoa. Ni kwamba hawakugusa maji ya pampu ile.

Tena kulikuwa mama mujane mumoja aliyeishi mbali sana, katika mutaa wa Hampstead, ambako hapakuwa na kolera. Naye alikufa na kolera. Namna gani? Snow akauliza jamaa yake. Akasikia kwamba mama yule zamani alikaa karibu na Broad Street, alipenda maji ya pampu ile, na kila siku aliletewa chupa yake.

Snow akapeleka habari kwa wakubwa wa mutaa, na tarehe 8 Septemba 1854 wakaondoa mukono wa pampu, watu wasiweze kuchota tena. Wengi walikuwa wamekwisha kukimbia mutaa, na ugonjwa ulikuwa umeanza kupungua. Hata hivyo hatari ya kuwaka tena ilizuiliwa.

Sasa musikie juu ya muchungaji. Henry Whitehead alikuwa muchungaji kijana wa mutaa ule. Yeye hakuamini maneno ya Snow. Akasema: "Nitakwenda kuuliza watu wangu, nionyeshe kwamba muganga huyu amekosa." Akaenda nyumba kwa nyumba, akarudi tena na tena. Na majibu aliyopata yakamushinda. Aliona kwamba Snow alisema kweli. Tena ni yeye aliyegundua mwanzo: mutoto muchanga katika nyumba namba 40 ya Broad Street aliharisha, na mama yake alisuuza nguo zake na kumwaga maji katika shimo la uchafu karibu sana na kisima cha pampu. Huyu ndiye mutu wa kuigwa. Aliuliza kwa kutaka kumushinda mwenzake, lakini alipoona ukweli aliukubali.

Wauguzi wa Bukama, hatuna sababu ya kufanya kidogo kuliko wale. Wakifika wagonjwa watatu wa kuhara maji ya mchele siku moja kutoka upande mumoja, seromu inatundikwa na mukono, lakini mudomo nao ufanye kazi. Muulize jamaa waliowaleta:

— Munachota maji wapi?
— Alianza siku gani, saa gani?
— Alitoka kambi gani ya wavuvi? Alikuja na mutumbwi wa nani?
— Alikula kwenye kilio cha nani?
— Nani mwingine nyumbani amegonjwa?
— Nani hakugonjwa, na yeye anakunywa nini?

Muandike majibu kwenye fishi. Siku ile ile mupeleke habari kwa mukubwa wa zone. Fishi iliyoandikwa "kuhara, seromu, ametoka" imesaidia mutu mumoja. Fishi iliyoandikwa mahali pa maji inaweza kusaidia kijiji.

3. "MAMA MWALIMU, JUU YA NINI SUKARI?"

Wote munajua maji ya chumvi na sukari: litre moja ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vilivyosawazishwa juu. Wanafunzi wanaimba hesabu hiyo kama wimbo. Lakini ni wachache wanaouliza: "Chumvi ninafahamu, imetoka pamoja na maji ya tumbo. Lakini juu ya nini sukari? Ni ya kuleta utamu?"

Ulizo hili ni la mutoto, na jibu lake ni mojawapo ya mambo makubwa ya uganga. Sukari si ya utamu. Katika ukuta wa tumbo kuna milango midogo ambamo sukari na chumvi zinaingia pamoja, zikishikana mikono. Zikiingia, zinavuta maji nyuma yao. Kolera inafungua milango ya kutoka, lakini haiharibu milango hii ya kuingia. Ndiyo maana mutu anayeendelea kuhara anaweza tena kunywa na kupona.

Waganga walifahamu jambo hili vizuri katika miaka ya 1960. Mwaka 1971, wakati wa vita ya Bangladesh, wakimbizi walijaa katika muji wa Bangaon, India, na kolera ikawaangukia. Seromu ikaanza kwisha. Muganga Dilip Mahalanabis akajiuliza: kama maji haya yanaingia, juu ya nini tusiwape jamaa wenyewe wanyweshe wagonjwa wao? Akaweka mapipa ya maji ya chumvi na sukari, na wamama, watata na ndugu wakachota na vikombe na kunywesha. Zamani karibu wagonjwa 30 kwa 100 walikuwa wanakufa. Kwa njia hii walikufa chini ya 4 kwa 100.

Angalieni faida kwa kazi yenu. Muuguzi aliyeshika hesabu tu, mama akimuambia, "Nyumbani sukari imekwisha, nitaongeza chumvi," anaweza kukubali. Muuguzi aliyeuliza "juu ya nini" atakataa, kwani anajua chumvi nyingi ni hatari kwa mutoto. Mama akisema, "Nitie sukari nyingi apate nguvu," atamuambia hapana, sukari nyingi inaongeza kuhara. Anayejua sababu hapotei njia hesabu ikibadilika. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kukariri na kujifunza.

4. MAMA ANAJUA JINA LA UGONJWA

Kuna ulizo tunaloliogopa kuliko yote: kumuuliza mutu ambaye hakusoma. Tunafikiri koti nyeupe itachafuka.

Katika miaka ya 1930 kulikuwa muganga mwanamuke, Cicely Williams, mwenye kuzaliwa Jamaica, aliyefanya kazi katika inchi inayoitwa leo Ghana. Aliona watoto wa mwaka mumoja hata mine wanavimba miguu, ngozi inabanduka, nywele zinakuwa nyekundu, nao wanakufa. Waganga wengine walisema ni ugonjwa ambao wanaujua tayari, ulioandikwa katika vitabu vyao. Yeye hakutosheka. Akauliza watu wa pale: "Ninyi munaitaje ugonjwa huu?" Wakamupa jina la luga ya Kiga: kwashiorkor. Maana yake ni ugonjwa unaomupata mutoto wa kwanza wakati mudogo wake anapokuja.

Mutu anayesikiliza vizuri anaona kwamba mafundisho yamo ndani ya jina. Mutoto ameachishwa ziwa sababu ya mimba mupya, na chakula anachopewa mahali pa ziwa hakina nguvu ya kujenga mwili. Wamama walijua wakati ugonjwa unaanza, hata kama hawakuwa na maabara. Williams aliandika juu yake mwaka 1933, na mwaka 1935 akaandika jina lile. Leo waganga wa dunia nzima wanatumia neno la wamama wa Ghana.

Sasa tujiulize ulizo letu wenyewe, la Bukama. Tunaketi juu ya maji yenye samaki. Samaki mukavu anapanda treni kila safari. Juu ya nini basi katika wodi ya watoto tunaona mutoto wa muvuvi amevimba miguu? Usijibu haraka. Muulize mama yake kwa upole: "Mama, jana mulikula nini? Samaki aliyekuja nyumbani alikwenda wapi? Nani anakula kwanza, na mutoto anabakiziwa nini?" Pengine samaki wote wameuzwa kwa kulipa masomo, na mutoto amekula bukari ya muhogo na sombe tu. Pengine amekatazwa mayai sababu ya mwiko. Pengine mama ana mimba ingine. Kila jibu linataka mafundisho yake. Ukifundisha bila kuuliza, unamupiga mama mashauri ya mutu mwingine.

5. YAMBUKU

Nimesema juu ya maulizo yaliyoulizwa. Sasa niseme juu ya ulizo ambalo halikuulizwa kwa wakati.

Mwaka 1976, katika hospitali ya mision ya Yambuku, upande wa kaskazini wa inchi yetu, ugonjwa usiojulikana ulianza kuua watu. Kila asubuhi wauguzi walipewa shindano tano na mabomba yake kwa kazi ya siku nzima. Kati ya mugonjwa na mugonjwa zilisuuzwa tu katika maji ya vuguvugu. Wachunguzi walipofika baadaye, walishangaa kuona wanawake vijana wengi kati ya waliokufa, wakauliza ulizo la mutoto: "Juu ya nini hawa?" Wakaona wengi walikuwa wamekuja kupimwa mimba na kupigwa shindano. Ugonjwa ulipita ndani ya shindano ile. Ulikuwa Ebola. Wagonjwa walikuwa 318, na 280 walikufa. Watumishi wa hospitali walikuwa 17, walikufa 11.

Wapendwa, hatuwahukumu. Walikuwa watu waliomupenda Mungu, walikuwa mbali, vyombo vilikuwa vichache, na wengi wao walikufa kando ya wagonjwa wao. Lakini kifo chao kinatuachia ulizo, nasi tulibebe kila asubuhi tunapotayarisha sahani yetu: "Chombo hiki kimepita wapi kabla ya kufika kwa mutu huyu?"

Katika habari ile ile kuna mutu wa inchi yetu wa kutufundisha. Muganga Jean-Jacques Muyembe alitumwa Yambuku kutoka Kinshasa. Wengine walifikiri ni homa ya matumbo. Yeye alipotoa damu ya wagonjwa aliona jambo dogo: akitoa shindano, damu inaendelea kutoka, haikauki. Akajiuliza juu ya nini. Akashawishi sista mumoja mugonjwa kwenda naye Kinshasa, na damu ya sista yule ikapelekwa Ubelgiji kuchunguzwa. Ni kwa njia hiyo kijidudu kikajulikana.

Wengi wangesema, "Jibu limepatikana, turudi nyumbani." Muyembe aliendelea kuuliza. Mwaka 1995 Ebola ilipoingia Kikwit, aliuliza: "Aliyepona, damu yake imejifunza kupigana. Je, haiwezi kusaidia mwenzake?" Wagonjwa wanane wakapewa damu ya waliopona. Saba wakapona. Watu wengi wa elimu hawakusadiki. Walisema wanane ni wachache, na hakuna kundi la kulinganisha. Walikuwa na haki ya kuuliza hivyo. Naye hakukasirika akatupa ulizo lake. Alilichunga. Baadaye, katika damu ya mutu mumoja aliyepona Kikwit, watu wa elimu walipata askari wa mwili ambao walitengenezwa kuwa dawa. Dawa hiyo ilijaribiwa pamoja na zingine mashariki ya inchi yetu katika miaka ya 2018 na 2019, na ikaonekana inaokoa. Mwezi wa Desemba 2020 Marekani ilikubali itumiwe. Jina lake ni Ebanga.

Muhesabu: tangu 1995 hata 2020 ni miaka 25. Mutoto anauliza mara tano kwa siku moja. Mutu mukubwa mwenye moyo wa mutoto anaweza kuuliza ulizo moja miaka 25.

6. HAMU NZURI NA HAMU MBAYA

Musinisikie vibaya. Si kila ulizo ni jema. Kuna ulizo la kuponya na kuna ulizo la kusengenya. Ukimuuliza musichana mwenye mimba, "Damu ya mwezi ilisimama lini?" unamusaidia. Ukimuuliza, "Bwana mwenyewe ni nani?" ili ukacheke na wenzako sokoni, umemuibia. Jipime hivi: jibu hili litabadilisha namna nitakavyomutunza? Kama hapana, usiulize. Na jibu ulilopewa kitandani libaki kitandani.

Tena hamu ya kujua si ruhusa ya kujaribu dawa juu ya wagonjwa. Mutoto akitaka kujua moto, anaungua yeye. Muuguzi akijaribu bila kuuliza mukubwa wake, anaungua mwingine.

Tena kuuliza mukubwa kuna heshima yake. Mbele ya mugonjwa mahututi si mahali pa kubishana. Maliza kazi, mufuate kando, umuambie: "Tata, nisaidie kufahamu, leo tumefanya hivi, na kitabu kinasema vile." Na ninyi wakubwa, mukiulizwa, musikunje uso. Kama hamujui, museme: "Sijui, tutafute pamoja." Mwanafunzi hatakudharau. Atajifunza kwamba kutojua si aibu. Wahenga walisema: kuuliza si ujinga.

7. MAMBO SITA YA KUFANYA

Kwanza: uwe na kaye ndogo mufukoni. Kila siku andika ulizo moja ulilopata kazini. Moja tu. Kisha miezi sita utakuwa na maulizo zaidi ya mia moja, na majibu mengi.

Pili: kila juma chagua kazi moja unayoifanya "sikuzote", na utafute sababu yake katika kitabu ao kwa mukubwa. Ukikosa sababu, iletwe kwenye mukutano.

Tatu: kila mugonjwa, muulize yeye mwenyewe anafikiri ugonjwa wake umetoka wapi. Usicheke jibu. Jibu hilo ndilo litakuambia kama atakunywa dawa.

Ine: ukihesabu wagonjwa mwisho wa mwezi, usipeleke hesabu tu. Linganisha na mwezi uliopita, uulize: nini kimepanda, nini kimeshuka, juu ya nini?

Tano: uliza juu ya waliopona na wasiogonjwa, si juu ya waliokufa tu.

Sita: nyumbani, mutoto wako akiuliza, usimunyamazishe. Mujibu, ao umuambie, "Tukaangalie pamoja." Unalea muuguzi wa kesho.

Wapendwa, serikali inaweza kukosa kutuletea seromu. Barabara inaweza kuharibika, treni inaweza kuchelewa siku nyingi. Lakini ulizo halingojei treni. Halinunuliwi, haliibiwi, halipiti tarehe yake. Mungu alimupa kila mumoja wetu chombo hiki siku ya kuzaliwa. Tukitoe mufukoni, tukipanguse, tukitumie, kwa sifa yake na kwa uzima wa watu wetu. Amina.

MAULIZO YA KUZUNGUMUZA PAMOJA

1. Katika kituo chenu, ni kazi gani munayofanya "sikuzote" bila kujua sababu?
2. Kijijini kwenu, watu wanachota maji wapi? Nani anachota mahali pengine, na afya yake iko namna gani?
3. Juu ya nini tunatia sukari katika maji ya kunywesha mwenye kuhara? Eleza kama unamuambia mama yako.
4. Kiluba ao luga ingine ya kwenu inaita namna gani ugonjwa wa mutoto anayevimba miguu? Jina hilo linafundisha nini?
5. Mara ya mwisho mutoto alikuuliza nini, na ulimujibu namna gani?